Aliyehifadhi Kitabu cha Baiolojia

Hitma ya marehemu shangazi yangu Bi Rahma ilisomwa nyumbani kwake Kikwajuni baada ya sala ya alasiri. Wanawake tulijaa ukumbini, juzuu za msahafu zikagawiwa, na mimi nikapata yangu nikavaa miwani. Mwanamke aliyekaa upande wangu wa kulia hakuchukua juzuu. Zilipomfikia alizipitisha mbele, akafumba macho, akawa anasoma kwa ghaibu, midomo ikimcheza kidogo tu. Nilimtazama kwa jicho la pembeni mpaka nikapotewa na mstari wangu. Akafumbua jicho moja, akaniambia kwa sauti ya chini, "Soma, Msomaji. Wenzako washafika nusu." Hakuna aliyewahi kuniita Msomaji tangu nilipokuwa msichana wa skuli. Huyo alikuwa Mwanajuma wa Jambiani, ambaye nililala naye chumba kimoja katika nyumba hiyo hiyo mwaka tuliokuwa Fomu Tuu. Nimefundisha Kiingereza maisha yangu yote ya kazi mpaka nikastaafu, na kama kuna jambo moja nililotaka kulijua katika kazi ile, lilianza na yeye, mwaka ule.

Chumba chetu kilikuwa cha uani. Kilikuwa na kitanda cha chuma, chandarua chenye viraka, na dirisha lililotazama jiko la jirani, hata tukajua kila siku nyumba ile imepika nini kabla wenyewe hawajapakua. Mwanajuma aliletwa na babake mwanzoni mwa mwaka, kwa kuwa walimu wa sayansi kwao walikuwa hawatoshi. Alikuja na begi la nguo na pweza mkavu aliyefungwa kwa ukili. Bi Rahma alikuwa ameolewa na ndugu wa baba huyo, kwa hiyo hapakuwa na mjadala. Mtoto alionyeshwa upande wake wa kitanda, akaandaliwa chai na mkate wa kumimina. Mimi na yeye tulikuwa tukipanga vikombe tuliposikia wakubwa wakizungumza ukumbini. "Mie, shemegi, sina maneno mengi," alisema babake. "Akipita mtihani wa mwaka huu, ntamsomesha mpaka achoke mwenyewe. Asipopita, nnakuja kumchukua. Jambiani kazi ipo." Shangazi akajibu, "Inshallah atapita," kwa ile sauti ya mtu anayefunga mazungumzo. Mwanajuma alisikia kila neno. Akaniambia palepale, bila ya mimi kumuuliza, kwamba yeye anataka kuwa muuguzi kama yule anayepima watoto katika kituo cha afya cha kwao, na muuguzi lazima asome sayansi. Kisha akauliza sukari iko wapi.

Lazima nieleze namna tulivyokuwa tukisoma, maana wajukuu zangu hawaniamini. Vitabu vya kiada, karibu vyote kwa Kiingereza, vilikuwa haba, na katika baadhi ya masomo darasa zima lilikuwa na kitabu kimoja. Mwalimu alimpa kitabu mwanafunzi mmoja asimame asome kwa sauti, wengine wasikilize, kisha yeye akaandika muhtasari ubaoni nasi tukanakili. Msomaji nilikuwa mimi. Kiingereza nilikijua kwa ukaidi tu. Nilisoma kila karatasi iliyofungiwa karanga, kila kopo la maziwa, kila kibao cha hoteli ya wageni kule Mji Mkongwe. Basi nilisimama nikasoma Historia, nikasoma Jiografia, nikasoma Baiolojia, kwa sauti ya kujiamini na vituo mahali pake, na walimu wakatikisa vichwa kwa kuridhika. Alama zangu zilikuwa nzuri karibu kila somo. Watu wakasema yule mtoto ana akili. Siku zile nilikubali, nani anayekataa sifa? Lakini hata wakati ule kulikuwa na jambo lililonishangaza: niliweza kujibu swali juu ya kitu nisichokijua kabisa. Nililichukua swali lenyewe, nikayapindua maneno yake, nikaongeza mstari niliokuwa nikiukumbuka kitabuni, nami nikapewa vema. Sikufahamu mimea hujipatiaje chakula. Nilifahamu tu kwamba neno hili hukaa karibu na neno lile.

Mwanajuma alikuwa kinyume changu. Nyumbani kwao walizungumza Kikae, lahaja ya kusini mwa kisiwa, hata mamake alipokuja kumtazama nilishika neno moja katika matano. Kiunguja cha mjini alikipata skuli. Kiarabu alikisoma chuoni, madrasa ya kwao, tangu hajaota meno ya ukubwani, akahifadhi sehemu kubwa ya msahafu. Kiingereza kilikuja cha mwisho, kikakuta nyumba imejaa. Hesabu ikiwa ya tarakimu tupu ubaoni, aliimaliza kabla mwalimu hajaweka chaki chini. Ikiwa ya maneno, fulani kanunua machungwa kadhaa akamgawia fulani, alikaa akaitazama kama mtu aliyefungiwa mlango wa nyumba anayoijua. Mimi nilimsomea maneno, nikamwambia kwa Kiswahili, naye akanipa jibu hapo hapo. "Kumbe anataka hivyo tu?" aliuliza kila mara kwa mshangao. "Sasa kwa nini hakusema?"

Katikati ya mwaka tulifanya jaribio la Baiolojia. Mwalimu wetu, Mwalimu Haji, alikuwa kijana mkali mwenye haki, na aliporudisha karatasi, ya Mwanajuma aliibakisha mkononi. Akamwita ofisi ya walimu, nami nikamfuata kwa kuwa tunatoka nyumba moja. Akaiweka karatasi mezani. Swali lilitaka tu kazi ya mshipa mmoja wa damu. Mwanajuma alikuwa ameandika ukurasa mzima wa kitabu juu ya moyo, tangu kichwa cha habari, neno kwa neno, nukta kwa nukta, na katikati yake alikuwa ameandika maneno ya Kiingereza yenye maana ya "kama mchoro huu unavyoonyesha", na wala hapakuwa na mchoro. Muda ulimwishia mistari miwili kabla ya kuufikia mshipa ulioulizwa. "Umekopia," alisema Mwalimu Haji. "Kitabu ulikificha wapi? Unajua adhabu yake? Mtihani wa mwisho wa mwaka sitakuruhusu kuufanya." Nikaogopa kwa ajili ya Mwanajuma kuliko nilivyowahi kuogopa kwa ajili yangu mwenyewe, maana nilijua babake hatauliza mara mbili. Nikasema, "Mwalimu, hakukopia. Kahifadhi."

"Kahifadhi nini?"

"Kitabu, mwalimu. Mwambie asome."

Walimu wengine waliacha walichokuwa wakikifanya. Mwanajuma akakunja mikono kifuani, akainamisha kichwa, akaanza sura ya moyo kwa Kiingereza, kwa mahadhi ya chuoni, akivuta pale anapovuta ustadhi wake na kukata pale anapokata. Mwalimu mmoja alicheka, kisha akasogea kusikiliza. Mwalimu Haji alifuata kwa kidole katika kitabu chake mpaka mwisho wa ukurasa. Kisha akauliza taratibu, kwa Kiingereza, swali lile lile la karatasi. Mwanajuma akaanza tena ukurasa tangu juu. Akauliza kwa Kiswahili, "Ulichokisoma maana yake nini?" Machozi yakamdondoka. Mwalimu akamrudishia karatasi. "Sikushtaki tena," alisema. "Lakini alama sina za kukupa, mwanangu. Na mtihani hautakungoja mpaka ufike."

Tulirudi kwa miguu, nami udadisi ulinizidi hata huruma. Nikamuuliza kwa nini aandike tangu juu, na anajua jibu liko chini. Akanishangaa mimi. "Ntaanzaje chini? Nnaanza juu, maneno yanavutana, mpaka nnafika." Kweli, kila mtoto wa chuo anajua hilo. Ukiulizwa aya, unarudi mwanzo wa sura, unakimbia nayo mpaka unakutana na ulichoulizwa. Lakini mimi nilikuwa nimewahi kuhudhuria mashindano ya kuhifadhi, nikamwambia, "Mbona kule kwenye mashindano jaji anachukua aya popote tu, anasoma nusu, na mshindani anaendeleza?" Mwanajuma akasimama njiani. Alikwisha kushiriki mashindano hayo kwao, akashinda. "Ee," alisema. "Kule anakuanzia katikati." Tukatazamana. Nafikiri hapo ndipo nilipoanza kuwa mwalimu, ingawa sikujua.

Tangu siku ile, kila alasiri tulikaa jikoni na kitabu cha Baiolojia, ambacho Mwalimu Haji aliniruhusu kwenda nacho nyumbani. Mimi jaji. Nilifungua popote, nikasoma nusu ya mstari, naye akaendeleza. Kisha tukaongeza sharti: akimaliza mstari, auseme kwa Kiswahili, kipande kwa kipande, kama masheikh wanavyofasiri kitabu cha Kiarabu katika darsa baina ya magharibi na isha. Anasoma maneno matatu, anasema "yaani", anafasiri; maneno matatu, yaani. Asipojua, nilimfasiria mimi. Bi Rahma alikuwa akikuna nazi pembeni, akatusikia kwa siku kadhaa, mwisho akashindwa. "Nyie watoto," alisema, "hicho ni kitabu cha chura. Msikisomee kwa mahadhi ya msahafu, mtapata dhambi bure." Mwanajuma akamwambia, "Bi mkubwa, bila ya mahadhi hayaji." Shangazi akafikiri kidogo. "Basi soma kama unaimba harusini," akasema, na akaendelea kukuna nazi yake.

Alasiri moja Mwanajuma alinigeuzia kibao. Tulikuwa tunapara samaki, changu watatu wa mchuzi, na kitabu kilikuwa juu ya kinu kisilowe. Ilikuwa sura ya pumzi ya samaki, niliyokwisha kuisoma darasani mbele ya watu wote na kusifiwa. "Leo jaji mie," alisema. "Haya, yaani nini?" Nikafungua mdomo. Maneno yote nilikuwa nayajua, moja moja, na nilipoyatia kwenye Kiswahili hayakushikana. Nilisema maji yanaingia, hewa inatoka, damu iko mahali fulani. Mwanajuma alinisikiliza kwa adabu, kisha akamshika samaki, akamfunua shavu. "Haya mekundu umeyaona? Mama hununua samaki kwa kutazama hapa. Yakiwa mekundu samaki mpya, yakififia kakaa. Mie siku zote nnajiuliza, kwani haya mekundu kwa nini?" Tukakirudia kitabu, kipande kwa kipande, vidole vyetu vina magamba. Ni mekundu kwa sababu ya damu. Damu imekuja pale karibu na maji kuchukua hewa iliyo ndani ya maji. Mimi nilikuwa na sentensi na yeye alikuwa na samaki. Tulifurahi vibaya sana, tukacheka peke yetu, mpaka shangazi akauliza mchuzi utaiva lini.

Katika miaka yangu ya ualimu nimeurudia mchezo ule kwa namna nyingi. Niliwapa wanafunzi swali moja la sayansi kwa Kiingereza, baada ya wiki nikawapa lile lile kwa Kiswahili, kwa siri, maana halikuwa jambo la kusifiwa. Wapo walioamka kama waliofunguliwa dirisha. Wapo ambao kwa Kiswahili pia hawakujua kitu, wakanitazama kama awali. Na wapo wale waliofanana na mimi, ambao kwa Kiingereza waliandika vizuri na kwa Kiswahili wakakwama, kwa kuwa hawakupata pa kujificha. Nimeona mara nyingi kwamba mtoto anayesoma Kiingereza vizuri hufanya vizuri na masomo mengine. Hilo halina ubishi, mwalimu yeyote atakwambia. Lakini kwa nini? Ni kusoma kunakomfikisha kwenye sayansi, au ni mtihani tu unaomfungulia aliyezoea kubisha hodi kwa Kiingereza? Nilidhani nikifundisha muda wa kutosha nitajua. Nimestaafu na swali langu.

Jaribio lililofuata la Baiolojia Mwanajuma alipita, si kwa alama za kutisha, lakini alipita, na Mwalimu Haji alimpa karatasi yake mbele ya darasa bila ya kusema neno, akimtazama usoni. Hesabu alipanda pia, tulipojifunza maneno yale ya Kiingereza yanayoongoza maswali, yaani eleza, taja, tofautisha, tafuta. Lakini Historia haikuwa na samaki wa kupara. Jiografia haikuwa na shavu la kufunua. Kule tulifasiri mpaka tukalia njaa, na kesho yake maneno yalikuwa yamekauka. Kiingereza chenyewe kiliongezeka kidogo kidogo, na mwaka haukuwa na nafasi ya kidogo kidogo. Nilimsikia shangazi akimwambia jirani ukumbini, akidhani hatusikii, "Huyu wa Jambiani anasoma kuliko huyu wangu mara mbili. Lakini matunda ya huyu wangu yanaonekana, yeye yake bado yamo chini ya udongo." Mwanajuma alikuwa ameshika kikombe. Alikiweka chini bila ya sauti, akafungua kitabu.

Siku ya mtihani wa Baiolojia alitoka mlangoni akitabasamu, akanishika mkono. "Kaniuliza katikati," alisema, "na mie nkaanza katikati." Siku za masomo mengine alitoka kimya, nami sikumuuliza. Matokeo yalisomwa uwanjani, sote tumepanga mistari, mwalimu mkuu akitaja majina ya waliopita, naye hakusema nani kapata nini katika lipi. Skulini kwetu uliambiwa umepita au hukuambiwa kitu. Jina langu lilikuja mapema. Nilisimama nikisubiri lake, na kila jina lililoanza na sauti ya M nilidhani ndilo. Mwalimu mkuu akashusha karatasi, akatuombea dua. Nilimgeukia Mwanajuma nikamkuta anaitikia "Amin" kwa mikono miwili, kama wenzake.

Babake alikuja baada ya siku chache, kama alivyosema. Shangazi alipika wali wa nazi na kuku, chakula cha wageni, na hakuna aliyekula sawasawa. Akamwambia Mwanajuma, "Kupata si kwa werevu, mwanangu, na kukosa si ujinga." Mwanajuma akajibu, "Naam, bi mkubwa." Alinibusu, akachukua begi lake. Mimi niliingia chumbani, nikalala upande wangu wa kitanda mchana kweupe, nikalia mpaka jirani akauliza dirishani kuna nini. Nilikuwa na hasira, na sikujua nimkasirikie nani. Baba alikuwa ametimiza ahadi, mwalimu alikuwa ametenda haki, na mtihani ulikuwa karatasi. Nikaendelea na Fomu Thrii, nikasomea Kiingereza, nikawa hivi nilivyo.

Hitma ilipokwisha tulikutana uani, yeye na mimi, tukiosha sinia. Mikono yake ilikuwa migumu kwa chumvi. Analima mwani, ana watoto wakubwa, na mmoja wao ni muuguzi, jambo alilolitaja haraka haraka kama lisilo na uzito. Aliniuliza nimefundisha wapi na wapi. Nikamweleza, na nikamweleza pia habari ya maswali yangu ya lugha mbili, kwa kuwa ndiye mtu pekee ambaye sikuhitaji kumfafanulia. Alisikiliza, akasuuza sinia moja muda mrefu kuliko ilivyotaka.

"Nkuulize kitu, mwalimu," alisema. "Mie kufeli sikujali tena. Watu wanafeli, wanaishi. Lakini mpaka leo nkiwa baharini, nimeinama, inanijia. Nlifeli nini? Nlifeli masomo, au nlifeli Kiingereza? Maana kama nlifeli masomo, basi haki yangu, nshakubali zamani. Lakini kama nlikuwa nnayajua..." Machozi yalimjaa machoni, akayafuta kwa kiwiko kwa kuwa mikono ilikuwa na sabuni. "Nnataka tu kujua. Weye ndo mjuzi. Niambie."

Nilitafuta la kumwambia. Nilikuwa na ya kumfariji, mengi, niliyowaambia wazazi wa watu miaka nenda miaka rudi, na yote yalinitia haya.

"Sijui," nikasema. "Wallahi sijui, Mwanajuma."

"Miaka yote hiyo uliyofundisha?"

"Miaka yote hiyo."

Akacheka, na machozi bado yako usoni. Akanipa sinia niifute. "Basi hilo, shoga," alisema, "tumelikosa sote."